Aliyepata Kiharusi Asiachwe Kitandani

Ugonjwa wa kiharusi zamani ulihesabiwa kuwa ni wa mjini, wa watu wanene wanaokaa ofisini. Siku hizi sisi wauguzi wa huku vijijini mkoani Singida tunaupokea mara kwa mara, tena kwa watu waliokonda, wenye mikono iliyokomaa kwa jembe. Mwezi huu hatutakaa sana kwenye chanzo chake. Tunataka kusema juu ya yale yanayofuata, pale mgonjwa anapokuwa ameshaepuka kifo, ameruhusiwa kutoka wodini, na amerudi nyumbani na mkono usioinuka na mguu unaoburuzika. Kwa maoni yetu hapo ndipo tunapowapoteza watu wengi ambao wangeweza kusimama tena.

Kwanza tukumbushane kwa kifupi. Kiharusi ni ajali inayotokea ndani ya ubongo. Ama mshipa wa damu umezibwa na bonge la damu, ama umepasuka na damu ikamwagika. Sehemu ya ubongo iliyokosa damu hufa. Na kwa kuwa upande wa kushoto wa ubongo ndio unaoongoza upande wa kulia wa mwili, na wa kulia unaongoza wa kushoto, mgonjwa hupooza upande mmoja. Mdomo huenda kando, mkono hulegea, maneno huwa mazito au hupotea kabisa. Ukiona hata moja kati ya hayo limetokea ghafla, usingoje kesho, mpeleke mgonjwa hospitali. Chanzo kikubwa ni shinikizo la damu, yaani presha, ambayo kwa kawaida haiumi wala haiwashi, na ndiyo maana watu huishi nayo miaka mingi bila kujua.

Wala asiseme mtu kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu. Kati ya Juni 2003 na Juni 2006 watafiti waliwahesabu watu waliopata kiharusi katika Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na katika sehemu ya jiji la Dar es Salaam. Walipata watu 636: 453 Hai na 183 Dar es Salaam. Walipolinganisha kwa kuzingatia umri, Hai ilikuwa na watu kama 109 kwa mwaka katika kila watu 100,000, na Dar es Salaam 316. Hai ni wilaya yenye wakulima wengi kama sisi, na kiwango chake kilifanana na cha nchi zilizoendelea. Cha Dar es Salaam kilizidi vile vya nchi nyingi tajiri.

Je, sehemu ya ubongo iliyokufa hufufuka? La, haifufuki. Lakini ubongo unajua kujifunza upya. Fikiria barabara ya kijijini iliyokatwa na korongo wakati wa masika. Watu hawaachi kwenda mnadani. Wa kwanza anapita kando, katika majani. Wa pili anafuata nyayo zake. Baada ya wiki kuna njia ya miguu, na baada ya miezi kadhaa baiskeli zinapita, hata mkokoteni. Ndivyo sehemu nzima za ubongo zinavyoweza kuchukua baadhi ya kazi za ile iliyoharibika. Lakini njia ile haikuja kwa kungojea, ilikuja kwa kupitwa kila siku. Mkono usiotumika hautengenezi njia. Hii ndiyo maana ya fiziotherapia, au tiba ya viungo: ni kuufundisha mwili upya, kidogo kidogo, tendo lile lile mara nyingi, chini ya macho ya mtu anayejua nini kitangulie na nini kingoje.

Mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur alipata kiharusi mwaka 1868, akiwa na umri wa miaka 45, akapooza upande wa kushoto. Udhaifu ule haukumwisha kabisa maisha yake yote. Hata hivyo chanjo yake dhidi ya kichaa cha mbwa, ambayo tunaishukuru mpaka leo, aliitumia kwa binadamu mwaka 1885, miaka 17 baada ya kuugua. Tunamtaja kwa sababu ndugu wengi wanatuuliza swali moja tu: "Sista, atapona?" Wakimaanisha, atakuwa kama zamani? Swali hilo ni gumu, na mara nyingi jibu ni kwamba hatakuwa kama zamani. Swali tunalotamani watuulize ni lingine: ataweza kufanya nini mwenyewe?

Siku za mwanzo zina mambo yake. Mgonjwa asilazwe chali kama gogo mchana kutwa. Ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, la sivyo atapata vidonda vya mgongoni na visiginoni, na tumeona vidonda hivyo vikiua watu ambao kiharusi chenyewe hakikuwaua. Anaweza kulala hata kwa upande uliopooza, ilimradi bega lisivunjikie chini yake, livutwe mbele kidogo. Asinyweshwe uji akiwa amelala. Akae wima, apewe kijiko kimoja cha maji kwanza, na akikohoa au sauti ikiwa kama ya mtu mwenye maji kooni, asimamishwe kula mpaka mhudumu wa afya amwone, kwa sababu chakula kikiingia mapafuni huleta nimonia.

Na bega! Tungekuwa na uwezo tungeandika neno hili kwenye ukuta wa kila wodi. Mkono uliopooza ni mzito, na misuli iliyokuwa inalishikilia bega imelegea. Ndugu anakuja kumwinua mzee, anamshika mkono ule ule mgonjwa na kuuvuta kama anavuta ndoo kisimani. Bega linachomoka mahali pake, kisha maumivu yanakaa miezi, na mgonjwa anakataa mazoezi yote kwa sababu ya maumivu hayo. Mshikeni kiunoni, au zungusheni kanga nyuma ya nyonga mumvute kwayo. Mkono wenyewe uwekewe mto, au nguo iliyokunjwa, anapokaa.

Kuhusu kumwinua mapema, hekima inahitajika. Mwaka 2015 yalitangazwa matokeo ya utafiti mkubwa uliohusu wagonjwa 2,104 katika nchi tano. Nusu yao waliinuliwa kitandani na kufanyishwa mazoezi mengi ndani ya saa 24 za kwanza, wengine wakapata huduma ya kawaida ya wodi zile, ambayo nayo haikuwa ya kuwalaza tu. Ikaonekana kwamba wale waliokazwa mno mapema hawakupata nafuu zaidi, bali kidogo pungufu. Basi saa zile za kwanza si za kumkimbiza mgonjwa. Lakini tusichukue habari hiyo kuwa ruhusa ya kumwacha alale mwezi mzima, kwa maana nafuu iliyo kubwa huja katika miezi mitatu ya kwanza, kisha huenda polepole. Mwenye kulala miezi hiyo mitatu amelala wakati wa kupanda.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo linatuudhi, na tutalisema waziwazi. Katika familia zetu adui wa mgonjwa mara nyingi ni upendo. Mzee amepata kiharusi: watoto wanamwosha, wanamlisha, wanamvalisha, wanamfikishia maji mdomoni. Akinyoosha mkono mzima kuchukua kikombe, binti anakiwahi. Ni aibu, wanasema, baba kuhangaika na vifungo vya shati mbele ya wakwe. Ni heshima kumfanyia. Sisi tunasema, heshima ya namna hiyo inamlemaza. Kila tendo unalomfanyia mtu ambalo angeweza kulifanya mwenyewe kwa robo saa umemnyang'anya zoezi. Mwache avae shati mwenyewe: mkono mgonjwa uingie kwanza katika mkono wa shati, halafu ule mzima, na kuvua iwe kinyume chake. Itachukua muda mrefu kama kupika ugali. Chukua kigoda, kaa karibu, zungumza naye, na mikono yako iweke mapajani.

Wanawake huumia zaidi hapa. Bibi akishikwa na kiharusi, kazi zake zote huondolewa siku ile ile, kana kwamba amekwisha kuzikwa. Kumbe kazi za nyumbani ni mazoezi mazuri kuliko mengi yaliyo vitabuni. Apewe ungo wa mtama achague mawe, mkono mgonjwa ukiwa umelala juu ya ukingo kuushikilia. Akamue nguo ndogo. Amenye karanga, apukuchue alizeti. Atamwaga, ndiyo. Kuku watafaidi.

Ziko mbinu zilizotafitiwa katika kuurudisha mkono. Nchini Marekani, katika utafiti uliotolewa mwaka 2006 wa wagonjwa 222 waliokuwa na miezi mitatu hadi tisa tangu waugue, baadhi yao walivishwa glavu nene katika mkono wao mzima karibu muda wote wa kuwa macho kwa wiki mbili, wakalazimika kufanya mambo kwa mkono dhaifu, pamoja na mazoezi ya kila siku. Mwaka mmoja baadaye walikuwa mbele ya wale waliopata huduma za kawaida. Tunaonya hapo hapo: njia hii ilikuwa kwa wale ambao kifundo na vidole vyao vilikuwa vimeanza kufunguka. Ukimfunga mkono mzima mtu ambaye ule mwingine hauwezi lolote utakuwa umemtesa bure. Ndiyo maana anahitajika mtu wa kupima.

Lakini kama tungeambiwa tuchague jambo moja tu la kumfundisha mgonjwa wa kijijini, tusingechagua mkono, wala kutembea mpaka barabarani. Tungechagua choo.

Tueleze kwa nini. Bibi asiyeweza kwenda chooni peke yake lazima awe na mtu pembeni kutwa nzima. Mtu huyo ni nani? Mwanawe wa kiume hawezi, ni mwiko kumwosha mama yake. Mkwe yuko shambani, kwa kuwa mvua hazingojei mgonjwa. Anayebaki ni mjukuu wa kike, wa darasa la tano au la sita. Tumewakuta wasichana hao tunapokwenda kuwatembelea wagonjwa nyumbani, wamekaa mlangoni saa nne asubuhi siku ya shule, na ukiuliza, unaambiwa "anamwangalia bibi". Bibi mwenyewe analia kwa ajili hiyo kuliko anavyoulilia mguu wake. Tumeona pia mabibi wanaojinyima maji na chakula ili wasimsumbue mtoto, wakafika tena hospitali wamekauka midomo. Basi mgonjwa akiweza kuinuka kutoka kitandani, kutembea hatua 20 na fimbo, kukaa, kujisafisha na kurudi, msichana anarudi darasani. Mambo mawili yanapona kwa mara moja. Hakuna dawa katika kabati letu inayoweza hilo.

Kuinuka kuna ufundi wake. Watu wengi humvuta mgonjwa juu akiwa amekaa nyuma kabisa na miguu imenyooka mbele. Hawezi kuinuka hivyo hata mtu mzima wa afya, jaribu mwenyewe. Asogee ukingoni mwa kitanda, miguu irudi nyuma chini ya magoti na ikae bapa chini, ainame mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu, ndipo asukume. Mwenye kumsaidia akae upande uliopooza, si upande mzima. Kitanda cha kamba kilichobonyea katikati kikazwe kamba, na vile vigoda vyetu vifupi viwekwe pembeni kwa muda, maana kwa mgonjwa huyu kigoda ni shimo. Mara kumi asubuhi, mara kumi jioni, na kila anapotaka kula ainuke kwanza. Fimbo ishikwe na mkono mzima, urefu wake ufike kwenye kifundo cha mkono anaposimama mikono ikining'inia.

Tuseme pia juu ya kuchua na kuchanja. Hatuna ugomvi na mama anayempaka mumewe mafuta ya alizeti jioni na kumsugua mguu kwa upole, hiyo ni faraja na ngozi inafaidi. Ugomvi wetu ni na wale wanaokanda kwa nguvu mpaka bega linalia, wanaokandika mawe ya moto juu ya ngozi isiyosikia joto, na wanaochanja chale kwa wembe uliopita kwa watu watatu. Tumefunga vidonda vya moto kwa wagonjwa ambao hawakujua hata kama wanaungua. Na mbaya zaidi ni wakati unaopotea. Familia ikishaambiwa kwamba ni jini, au ni mkono wa jirani mwenye wivu, inauza ng'ombe kumlipa mganga, na kwetu wanafika mwezi wa nne, goti limekunjika, vidole vimejikunja ndani ya kiganja na kucha zimeingia nyama. Aidha wapo siku hizi wauzaji wa mikanda ya kutetemesha na vidonge vya bei kubwa vinavyoahidi kuondoa kiharusi kwa siku saba. Fedha hiyo ingelipa nauli za kwenda kliniki mwaka mzima.

Na hapa hatutawalaumu wanakijiji peke yao. Hospitali nyingi, za serikali na za mashirika ya dini, zinaiona fiziotherapia kama pambo. Panapokuwa na fedha hununuliwa mashine yenye taa, na mtaalamu wa fiziotherapia, "daktari wa mazoezi" kama wagonjwa wanavyomwita, hubaki katika orodha ya mwaka ujao. Nchi yetu inawafundisha wataalamu hawa. Chuo cha KCMC kule Moshi kimekuwa kikiwatoa kwa miaka mingi. Vifaa vyao vya kuanzia si ghali: godoro la sakafuni, vyuma viwili sambamba vya kushikilia ambavyo fundi wa Singida mjini anaweza kuvichomelea, ngazi ya mbao ya vipandio vitatu, kioo kirefu. Mwaka 2023 mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha azimio kwamba huduma hizi za utengamao ziwe sehemu ya kawaida ya mfumo wa afya katika kila nchi. Azimio ni zuri, lakini halimwinui mtu kitandani.

Wapo wakubwa wetu wanaosema: mtaalamu wa nini, wafundisheni ndugu tu, nao wataendelea nyumbani. Nasi wauguzi tunafundisha kweli, kila siku, na tutaendelea. Lakini jambo hili lilijaribiwa kwa makini nchini India, katika hospitali 14, kwa wagonjwa 1,250, na matokeo yake yakatolewa mwaka 2017. Ndugu walifundishwa wodini namna ya kumfanyisha mgonjwa mazoezi, wakapewa na mwongozo. Baada ya miezi sita, waliofariki au waliobaki tegemezi walikuwa sawasawa katika makundi yote mawili, kama 47 katika kila 100. Wengine wakisoma hayo watasema basi mazoezi hayana faida. Sisi hatusomi hivyo. Tunasoma kwamba ndugu aliyefundishwa siku chache kisha akaachwa peke yake hawezi kushika nafasi ya mtaalamu. Mgonjwa hubadilika kila mwezi, zoezi la mwezi wa kwanza halifai mwezi wa tatu, na ndugu huchoka, hukata tamaa, hurudi shambani. Anahitaji mtu wa kumrudia.

Mtu huyo hapaswi kuwa mbali pia. Kumwambia mzee wa ndani kabisa ya Mkalama au wa vijiji vya msitu wa Itigi aende Dodoma mara mbili kwa wiki ni kumwambia asiende. Tunapendekeza hivi: kila hospitali ya wilaya na ya shirika mkoani kwetu iwe na mtaalamu walau mmoja, naye siku mbili kwa wiki aongozane na gari la kliniki ya mama na mtoto. Gari linakwenda hata hivyo. Chini ya mwembe ule ule wanapopimwa watoto, wagonjwa wa kiharusi wa kijiji wakutane, waonane wao kwa wao, wapimwe presha na waongezewe vidonge. Wale wenye miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, sera ya nchi inasema watibiwe bila malipo. Mwulizeni mtendaji wa kijiji juu ya kitambulisho cha mzee kabla ya ugonjwa, si baada.

Mambo mawili madogo, tusije tukayasahau. Aliyepoteza maneno si mwendawazimu wala si kiziwi. Msipige kelele masikioni mwake, na msizungumze juu ya urithi mbele yake mkidhani hasikii. Wapo wanaorudiwa na Kinyaturu au Kinyiramba kabla ya Kiswahili, basi zungumzeni lugha anayoiweza. Na kama mgonjwa analia kila siku, hali, hataki kuinuka, usiuite uvivu. Karibu theluthi moja ya waliopata kiharusi hupatwa na huzuni ya ugonjwa, nayo ina matibabu.

Vidonge vya presha havina siku ya kumaliza. Anayeviacha kwa sababu "anajisikia mzima" anakiita kiharusi cha pili, na cha pili hakina huruma ya cha kwanza.

Kwa wale wanaotaka kuanza wiki hii hii, tunaeleza kiti cha choo. Mwombeni seremala atengeneze kiti cha mbao nene kisicho na mto, urefu wa kikalio uwe sawa na goti la mgonjwa au kuzidi kidogo, kwa watu wengi ni sentimita 45 hivi. Katikati akate tundu la sentimita 20, kingo zipigwe msasa vizuri. Kiwekwe juu ya shimo la choo, miguu yake ikiwa imepigiliwa juu ya mbao mbili ndefu ili isizame kwenye udongo. Upande wa mkono mzima chimbieni nguzo imara ya kushika, ifike kifuani anapokuwa amekaa. Kamba ifungwe kutoka mlango wa nyumba hadi choo, ya kufuata usiku. Na kabla mgonjwa hajakikalia kiti hicho, akikalie kwanza mtu mzito kuliko wote katika nyumba ile.